Vitasa vya Mjomba

6 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku tuna afya ya kututosha kufanyia kazi, na zaidi ya hiyo siku hizi hatudai. Wifi hajambo? Mgongo wake umepoa? Baba Sindano alirudi juzi na jana akaondoka tena na lori. Mke wa dereva ni mjane anayefua suruali. Mimi bado nakata vitambaa kwenye karakana ya sare. Msimu huu ni sare za walinzi, kitambaa kigumu kama bati, na kidole gumba changu kimeota sugu mahali mkasi unapokaa.

Barua hii nimempa dereva mwenzake Baba Sindano kwa sababu simu haifai. Kuta zetu ni nyembamba, nikitaja neno "mlango" tu mtoto ametoka chumbani. Na wewe kwenye simu hucheka kabla sijamaliza.

Jambo lenyewe ni hili: mpwa wako anaumwa.

Ilianza mwaka jana. Alikuwa akihakikisha mlango umefungwa kabla ya kulala, nami nikamsifu mbele ya majirani kwamba nina binti mwangalifu. Baadaye akawa anarudi kuhakikisha tena. Sasa anafunga, anavuta kitasa, ananong'ona maneno yake, anafungua, anafunga upya. Mtu akikohoa katikati, anaanza mwanzo. Anaamini kwamba siku atakayokosea ataingia mtu atuchinje, na damu yetu itakuwa juu yake. Usidhani hajui. Ananiambia mwenyewe, "Mama, najua ni upuuzi, lakini siwezi." Hapo ndipo panaponikata. Mjinga ungemfundisha, huyu utamfundisha nini?

Halafu kuna swali. "Mama, nimefunga?" Ninatakiwa nijibu, "Umefunga mwanangu, tuko salama," kwa sauti ile ile. Nikijibu "ndiyo" kwa mkato, anaanza upya. Analiuliza nikipika, nikioga, nikiwa nimeshika mlango wenyewe. Shuleni hajakanyaga tangu muhula uliopita, kwa sababu kutoka nyumbani ni kuuacha mlango nyuma yake. Mwalimu mkuu ameahidi kumshikia nafasi mpaka Septemba.

Tumempeleka kliniki ya akili. Anapewa vidonge, na kuna muuguzi pale, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyetuambia kitu ambacho sijakimeza bado. Alisema kila tunapomjibu, tunaushibisha ugonjwa na mtoto anabaki na njaa. Tunatakiwa tupunguze majibu kidogo kidogo mpaka tuache. Tusimhakikishie chochote. Akilia, tukae naye, lakini tusijibu.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia kwa sababu mama hayupo, na wewe ndiye uliyembandika mtoto huyu jina la Sindano alipozaliwa mwembamba vile. Usicheke.

Mdogo wako.


1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa, dereva wenu aliipeleka barua kwa muuza vipuri jirani, na yule bwana huweka kila kitu chini ya betri. Wifi yako hajambo, mgongo umepoa, mdomo haujapoa. Anakusalimu sana. Kazi ipo. Wiki iliyopita walikuja mke na mume waliofungiwa nje na ufunguo uko ndani. Kila mmoja ananieleza mimi makosa ya mwenzake, kama mimi hakimu. Nikafungua mlango, wakanitolea ufunguo niujaribu, wakaingia tena, wakaubamiza, ufunguo ukabaki nje wameusahau kwangu! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa hilo la Sindano. Sijacheka, nimetii. Lakini nikwambie kama fundi. Katika kazi hii, mtu akija mara tatu kuulizia mlango wake, simtumi hospitali. Nabadilisha kitasa. Kile cha mlango wenu nilikifunga mimi mwenyewe mlipohamia, na hata siku ile hakikunipendeza: ulimi wake unacheza, ukivuta unasikia "tik" kama jino bovu. Mtoto ana masikio. Anasikia "tik", moyo unamwambia haujafunga. Hapo mgonjwa ni mlango.

Muuguzi wenu anajua dawa, hajui chuma. Na huu ushauri wa kumnyamazia mtoto anayelia, mdogo wangu, mama yetu angeusikia angemfuata huyo muuguzi na mwiko.

Nimekutumia kitasa kipya. Nimekichonga mwenyewe ulimi wake, hauchezi hata nusu ya unywele. Nimekiwekea kidirisha: kikifungwa, ndani inatokea nyekundu, kikiwa wazi, kijani. Hahitaji kumuuliza mtu. Aangalie nyekundu, alale. Shemeji atakifunga, namwamini kwenye skrubu kuliko kwenye maneno.

Mwambie Sindano mjomba anasema hivi: kitasa hiki hata mimi niliyekitengeneza siwezi kukifungua nikiwa nje.

Kaka yako, fundi.


22 Machi

Kaka,

Shikamoo. Asante kwa kitasa. Wifi mwambie salamu zimefika na mdomo wake naupenda hivyo hivyo. Sare za walinzi zimekwisha, sasa ni za wanafunzi wa shule ya msingi, kata ndogo ndogo ambazo mkasi unazipenda.

Shajara yangu inasema tulikifunga tarehe 8. Siku tatu nyumba ilikuwa kama nyumba za watu. Sindano alipita mlangoni, akatazama kidirisha, akaenda kulala. Baba yake aliniambia, "Unaona? Kaka yako kamshinda daktari." Alikula sahani mbili, akapiga mluzi. Nami nilifurahi, siwezi kukuficha. Niliona aibu kwamba tumehangaika mwaka mzima kumbe dawa ilikuwa skrubu nne.

Siku ya nne nilimkuta ameweka kichwa sambamba na mlango, anakitazama kile kidirisha kwa jicho moja. Akaniuliza, "Mama, nyekundu hii ni nyekundu kamili, au ina kijani kwa chini?" Siku ya tano aliuliza kama rangi inaweza kubanduka ikakwama kwenye nyekundu wakati ulimi uko wazi. Siku ya sita akataka baba yake akifungue kitasa chote aone ndani. Na baba yake akakifungua, Kaka! Alikaa sakafuni na bisibisi, mtoto kamsimamia, wanakagua chemchemi. Zamani alikuwa na mlango mmoja wa kuogopa. Umempa mlango, rangi, chemchemi na skrubu.

Nimekitoa. Nimerudisha kile cha zamani chenye jino bovu. Usikasirike.

Nimeanza alichosema muuguzi. Tumekubaliana na Sindano mwenyewe siku ambayo kichwa chake kilikuwa kimetulia: akiuliza, nitamwambia, "Hilo swali ni la ugonjwa, mimi namjibu Sindano tu." Basi. Siku za kwanza alinipigia magoti. Zilizofuata alinitukana. Ameniita mchawi, na jirani wa ukuta wa kushoto amesikia, akaja kuuliza kama aite watu. Juzi alinishika kola akasema, "Neno moja tu, mama. Neno moja, unaninyimia nini?" Nilikaa naye sakafuni mpaka ikapita. Inapita, Kaka. Muuguzi alisema itapita yenyewe bila jibu, na ilipita. Jana alifunga mara moja, akauvuta mara moja, akatetemeka, akaja kukaa jikoni. Hakusema na mimi, lakini alikaa.

Tatizo ni mwanamume wangu. Nimemfuma anamnong'oneza dirishani, "Umefunga mama, umefunga." Mimi nachota maji, yeye anatoboa ndoo.

Tafadhali usitume kingine.

Mdogo wako.


30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua roho yako iko huku, basi naanza na hilo ili usisome barua kwa kukimbia: Sindano amefika salama. Alishuka kwenye lori na kibegi chake, nikamwambia, "Mbona sindano imeingia kutu?" Akacheka. Shemeji anasema alipanda mwenyewe alipoambiwa anakuja kwa mjomba wa kufuli. Mkaza mjomba wake kamwandalia chumba cha nyuma.

Shemeji alisema mmekubaliana apumzike kwangu kidogo, nami nimefurahi kwamba umelegeza kamba. Umefanya jambo la busara. Mtoto amekonda, chini ya macho kama amepakwa masizi. Alinisimulia huo mtindo wa kunyamaza, nikaenda nje kujifanya natafuta tupa, kwa sababu mwanamume mzima haifai kuonekana analia.

Wewe pumzika. Hapa ni nyumba ya fundi kufuli, kama kuna mahali duniani mtoto huyu atalala ni hapa.

Kaka yako.


10 Mei

Kaka,

Hatukukubaliana.

Nilitoka karakana jioni nikakuta chumba kitupu na mlango umefungwa vizuri sana. Nilimngoja Baba Sindano siku nne arudi. Nikamuuliza, "Mwanangu yuko wapi?"

"Kwa kaka yako."

"Nani kakutuma?"

"Masikio yangu," akasema. "Wewe unaweza kumsikiliza akilia vile. Mimi siwezi. Sijui wewe umeumbwa na nini."

Sikumjibu. Nimekuwa hodari wa kutojibu.

Wifi nisalimie. Sina habari nyingine za nyumbani, nyumba ina watu wawili wasiosemezana.

Sasa sikiliza, kwa sababu ameshafika kwako na kumrudisha kwa nguvu muuguzi amekataa. Wiki aliyochukuliwa, Sindano alikuwa amefika getini. Alifunga mlango mara moja, akaushuka ule ujia, akashika geti, akahesabu pumzi zake, akarudi bila kuuvuta tena mlango. Geti, Kaka. Kutoka getini mpaka shuleni ni barabara tu. Muuguzi alisema ikiendelea hivyo, Septemba atakaa darasani.

Kwa hiyo, akiwa kwako: asihakikishiwe. Usimwambie umefunga, usimwambie hakuna mwizi, usimwambie usiogope. Usimfungie wewe. Usimzungushe nyumba. Atoke nje kila siku, hata hatua kumi. Vidonge asubuhi, baada ya kula. Akikuuliza swali la ugonjwa, mwambie maneno niliyokuandikia Machi. Akikuchukia, kaa naye hapo hapo.

Nilitaka kuja, nimefunga mzigo. Niambie nije lini.

Mdogo wako.


5 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na shemeji nimemkanya kwa ile namna aliyofanya. Mambo ya wanaume, amekosa ulimi akatumia usukani.

Lakini nina habari ya kukufurahisha. Ukimwona Sindano utadhani ni mwingine! Mashavu yamerudi. Nimemfundisha kuchonga funguo. Anakaa na jiliwa, anabana chuma, anapitisha tupa taratibu, mkono hautetemeki kabisa. Juzi kachonga ufunguo wa kabati, umeingia kama ulimi kinywani. Nikamwambia, "Wewe ni binti wa mkata vitambaa, lakini damu ni ya kwangu." Akacheka, akasema mama yake hukata tu, mjomba wake hufunga. Ana mdomo, huyu.

Kuhusu lile swali, sijalisikia. Hata mara moja. Analala usingizi wa mtoto. Nadhani ameponea hapa.

Kuja kwako... Yeye anasema usije kwanza. Nisamehe, umesema nikwambie. Anasema akisikia sauti yako kifua kinambana. Mpe muda.

Nakuombea afya.

Kaka yako.


16 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kwa sababu inapendeza. Kisha nikaisoma kama ninavyokagua kitambaa, nikakishika kwenye mwanga.

Barua ya Machi wifi alinisalimu, ya Aprili alimwandalia mtoto chumba. Hii ya sasa hayumo. Yuko wapi?

Unasema analala usingizi wa mtoto. Analala chumba gani, na nani anafunga mlango?

Unasema haulizi. Mtu haulizi ama kwa kuwa hana haja ya jibu, ama kwa kuwa amejibiwa kabla. Ni lipi?

Anachonga funguo wapi? Kibanda chako kiko sokoni, na soko liko nje.

Ametoka nje lini mara ya mwisho?

Mzigo wangu nimeufungua.

Mdogo wako.


2 Agosti

Mdogo wangu,

Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Ulinihoji kama mwizi. Nikasema moyoni, huyu amemtesa mtoto mwezi na nusu, mimi nimempa amani, na bado mimi ndiye napaswa kujieleza? Nilitaka kukuuliza: wewe ulimpa nini? Bado nataka kukuuliza.

Lakini nina jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Wifi yako yuko kwa dada yake tangu mwisho wa Mei. Hatukugombana. Sindano aliomba mlango wa nyuma usitumike, nikauwekea kitasa na makomeo mawili. Mke wangu hupikia nyuma. Alipita kwa mbele na sufuria wiki mbili, akizunguka nyumba nzima, siku moja akaweka sufuria chini, akaniambia, "Bwana, mimi niliolewa na fundi kufuli, sikuolewa na kufuli." Akaenda.

Kibanda nimekifunga. Jiliwa nimelihamishia sebuleni. Wateja wanaleta kazi dirishani.

Mlango wa mbele una vitasa vitano. Vyote kazi ya mkono wangu, vizuri kuliko chochote nilichowahi kuuza. Jioni namshika mkono tunazunguka pamoja, mimi nafunga, yeye anatazama, mimi nasema, "Kimoja kimefunga, mjomba yupo. Cha pili kimefunga, mjomba yupo." Ndiyo maana haulizi. Umepatia. Namjibu kabla. Ikifika cha tano anatabasamu, na tabasamu lile, mdogo wangu, ungemnyima wewe? Mwanzoni ilikuwa kazi ya dakika chache. Sasa tunaanza jua likiwa bado juu.

Jumanne chemchemi ziliniishia, nikatoka kwenda kununua. Nilimuaga, akafunga. Niliporudi nikabisha.

"Nani?"

"Mjomba wako."

"Mjomba kweli?"

"Kweli."

"Sema kama unavyosemaga."

Nikasema. Akasema sauti si yenyewe, niseme tena. Nikasema. Nilikaa pale kizingitini nasema, "Ni mimi mjomba wako, uko salama," mpaka koo likakauka. Mshona viatu wa ng'ambo akaona, akapiga kelele barabara nzima isikie: "Jamani, fundi kufuli kafungiwa nje! Fundi, nikuitie fundi?" Watu wakacheka. Na mimi ningecheka, ningekuwa wao.

Waya zangu zilikuwa mfukoni. Mlango ule ningeufungua wote kabla mshona viatu hajamaliza kucheka. Hakuna kitasa ambacho fundi hawezi kukifungua, mdogo wangu, chuma kilichofungwa na mkono kinafunguliwa na mkono. Lakini mimi nilimwambia mtoto kwamba hivi haviwezekani. Nimemwambia kila jioni. Nikifungua, ataona kwamba mlango wowote ni karatasi na mjomba ni mwongo. Basi nilikaa na waya mfukoni nikiomba kufunguliwa nyumba yangu.

Alifungua giza lilipoingia. Amechoka, amelowa jasho, mikono imechubuka kwa kuvuta vitasa. Akaniuliza, "Mjomba, mtu mwingine akijifanya wewe?" Hilo ndilo swali jipya.

Tangu siku hiyo sitoki. Barua hii nampa dereva kupitia nondo za dirisha.

Nifanye nini?

Kaka yako.


19 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Umeniuliza nilimpa nini. Nilimpa geti.

Nafasi ya shule imekwenda. Mwalimu mkuu aliniita wiki iliyopita akataka uhakika kwamba Septemba atakuja, nami sikuwa nao; ana haki yake, kuna watoto wanaongoja. Sindano akirudi atakaa na waliokuwa nyuma yake, kama atakaa. Hilo nakuandikia mara moja tu, sitalirudia.

Barua yako nimeipeleka kliniki, muuguzi ameisoma yote. Amesema usivunje, usimshtukize. Muda ambao ametulia, mchana, mkae, umwambie ukweli: kwamba kila kitasa kinafunguka, na ulikuwa unajua. Halafu, akikubali, umwoneshe kimoja, kwa waya wako, mbele ya macho yake. Kimoja tu. Kisha atakuuliza maswali yote aliyowahi kuniuliza mimi, na mapya. Usijibu hata moja. Usiongeze "usiogope". Usiseme "mjomba yupo". Kaa hapo hapo karibu naye, ndicho unachoruhusiwa. Siku ya pili ondoeni kitasa kimoja mlangoni, yeye ashike bisibisi. Akigoma, ngojeni. Msirudishe nyuma.

Ameniambia pia nikwambie kwamba wewe si mtu mbaya, kwamba karibu kila nyumba hufanya ulichofanya, na kwamba ulifanya kwa mapenzi. Nimefikisha.

Baba Sindano anakusalimu. Alipoisoma barua yako aliikunja akaiweka mfukoni. Kisha akaja kuniuliza lile neno ninalomjibu Sindano linasemwaje, nikamfundisha, akalirudia kama mtoto anayejifunza shairi la shule. Angejifunza Machi.

Utanilaumu kwamba barua yangu haina huruma. Nilikuwa nayo, nimeitumia. Mtoto atakapokuita mchawi, utaona mtu anavyoweza kukaa sakafuni bila kufungua mdomo huku kila kitu ndani yake kinasema. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu baada ya wewe kuniandikia kuhusu mwiko wa mama.

Sitakuja. Si kwa sababu hataki sauti yangu. Nikija, mimi ndiye nitakayekuwa mbaya tena, nawe utabaki mjomba. Nimechukiwa peke yangu tangu Machi. Sasa kaa wewe.

Mdogo wako.


11 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilimwambia. Nilingoja siku tatu nikijisemea leo si siku nzuri, kisha nikamwambia mchana, amekaa kwenye jiliwa. Alidhani natania. Akasema, "Fungua basi." Nikamfungulia cha pili kutoka juu, kile ambacho nilikipenda. Kilifunguka haraka mno. Ningetamani kingenisumbua kidogo.

Hakulia. Alikitazama, akanitazama. Kisha akaanza kuuliza. Niliyasema yale maneno yako, kwamba ni swali la ugonjwa, mimi namjibu Sindano tu. Akanirushia tupa, ikanipata hapa juu ya jicho. Alipiga kelele mpaka mshona viatu akavuka barabara, safari hii hacheki. Nilikaa. Mara mbili nilifungua mdomo nimjibu, mara mbili nikaufunga kwa mkono. Ilipita. Ulisema itapita, sikukuamini hata ilipokuwa inapita.

Vitasa vinne vimetoka. Yeye ndiye aliyeshika bisibisi. Mke wangu alirudi Jumapili akakuta mlango umejaa matundu, akauliza, "Mmeibiwa?" Kisha akaingia kupika, nyuma.

Mjomba hakuna tena. Ananiita "wewe fundi". "Wewe fundi, sogea." "Wewe fundi, vidonge vyangu viko wapi?" Mbele ya wateja pia. Tangu azaliwe hakuwahi kuniita jina jingine ila Mjomba.

Barua hii anakuja nayo baba yake, na Sindano yuko kwenye lori, kiti cha mbele, kibegi miguuni. Mlango wa chumba alichokuwa akilala ameuacha wazi. Sijui kama ni kwa makusudi, na sijauliza.

Asubuhi, akiwa anafunga kibegi, alisema bila kugeuka, "Wewe fundi, lori linaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne.

Hakuuliza tena. Wala hakuniaga.

Kaka yako.